Zima, washa: historia fupi ya dawa kongwe ya kompyuta, na maelezo yanayopaswa kuambatana nayo

Ngoja nianze na simu moja. Saa moja asubuhi, Moshi mjini, mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake. Anayepiga ni kijana wetu wa kukusanya data, yuko Rombo. "Dada, zile fomu zangu za jana jioni mbona sizioni?"

Nikafungua kompyuta. Kweli, fomu za kaya 11 hazikuwepo. Simu yake ilionyesha zimepokelewa, lakini hifadhidata haikuwa nazo. Usiku ule seva yetu ndogo ilikuwa chini ya uangalizi wa wakala wa akili unde, yaani programu inayosoma hali ya mfumo, inaamua la kufanya, kisha inalifanya yenyewe kwa kutumia zana ilizopewa. Zana mojawapo tuliiita washa_upya_kontena. Maelezo yake, niliyoyaandika mimi mwenyewe, yalikuwa maneno matatu tu: "Huwasha upya kontena."

Wakala aliona programu ya fomu inajivuta, akaiwasha upya. Ikajivuta tena, akaiwasha tena. Hadi kunakucha alikuwa ameiwasha upya mara 9. Kumbe tatizo lenyewe lilikuwa diski imejaa. Hifadhidata haikuwa na pa kuandika, kwa hiyo programu ya fomu ikawa inazishikilia fomu kwenye kumbukumbu ya muda ikisubiri nafasi. Kila ilipozimwa, zilizokuwa zinasubiri zikapotea.

Unaweza kumlaumu wakala. Mimi nilimlaumu kwa nusu saa hivi. Halafu nikayasoma tena maneno yangu matatu. Je, yalimwambia kwamba kuna kitu kinaweza kupotea? Yalimwambia aache baada ya mara ngapi? Hapana. Nilipokaa kuyaandika upya nikajikuta nasoma historia, na ndiyo ninayotaka kukusimulia. Kwa kifupi inasema hivi: kuwasha upya ni dawa ya kweli, lakini inatibu vizuri pale tu mtu alipokwisha kuandika mapema nini kitapotea, nani aruhusiwe, na lini kujaribu kukome.

Kwa nini dawa hii hutibu?

Sote tunaitumia. Simu ikigoma, zima, washa. King'amuzi kikigoma, zima, washa. Ukimuuliza fundi kwa nini inafaulu, wengi watacheka tu.

Jibu zuri liliandikwa mwaka 1985 na Jim Gray, mtaalamu wa kampuni ya Tandem huko Marekani, iliyotengeneza kompyuta za mabenki ambazo hazikutakiwa kusimama. Gray aliuliza swali jepesi: kompyuta husimama kwa nini? Akagawa makosa ya programu katika makundi mawili na kuyapa majina ya utani yanayotokana na wanafizikia Bohr na Heisenberg. Kundi la kwanza ni makosa magumu kama jiwe. Ukirudia kitendo kilekile, kosa linarudi lilelile. Kundi la pili ni makosa ya bahati mbaya ya wakati, na ukienda kuyatafuta huyaoni.

Fikiria watu wawili wanaokutana kwenye mlango mwembamba. "Pita wewe." "Hapana, pita wewe." Wote wanasimama. Ukiwarudisha nyuma hatua kumi na kuwaambia waanze upya, uwezekano wa kufika mlangoni kwa sekunde ileile ni mdogo. Hivyo ndivyo kuwasha upya kunavyotibu: hali iliyofungamana inafutwa, kazi inaanza kutoka mahali panapojulikana. Gray aliona makosa mengi yanayobaki kwenye programu zilizokwisha kupimwa ni ya kundi hili la pili.

Sasa angalia diski yetu iliyojaa. Hiyo ni jiwe. Uwashe mara 9 au mara 900, diski itabaki imejaa. Wakala wetu alitumia dawa ya mlango kwa ugonjwa wa jiwe.

Karatasi ya Garman

Miaka 16 kabla ya andiko la Gray, dawa hii ilikwisha kutumika mbali sana na dunia. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilikuwa kinashuka mwezini wakati kompyuta yake ilipotoa tahadhari namba 1202. Maana yake ilikuwa kwamba kompyuta imezidiwa na kazi. Rada moja iliyoachwa imewashwa ilikuwa inaila muda wake. Kompyuta ikajiwasha upya yenyewe, ikatupa kazi ndogondogo na kuendelea na zile za lazima: kuongoza chombo na injini. Ilifanya hivyo zaidi ya mara moja katika mteremko uleule. Waliotengeneza programu zake walikuwa wamepanga tangu mwanzo kazi zipi zihifadhi mahali zilipofikia na zipi ziachwe zife.

Lakini nani aliwaambia wale wanaanga waendelee kushuka? Mapema mwezi uleule, kwenye mazoezi huko Houston, tahadhari ya aina hiyo ilitokea na afisa wa uongozaji, Steve Bales, akaamuru safari ikatishwe. Halikuwa jibu sahihi. Mkuu wa zamu, Gene Kranz, akaagiza tahadhari zote ziorodheshwe pamoja na hatua ya kuchukua kwa kila moja. Kazi hiyo ilimwangukia mhandisi Jack Garman, kijana wa miaka 24. Akaziandika kwa mkono kwenye karatasi. Siku ya siku, 1202 ilipotokea, Garman aliangalia karatasi yake: kama hairudi mfululizo na chombo kinaendelea vizuri, endelea. Akamwambia Bales, Bales akasema endelea.

Mashine iliweza kujiwasha upya, lakini safari ingeweza kukatishwa vilevile kama mtu asingekuwa ameandika kujiwasha huko kuna maana gani, na ni wakati gani pa kuogopa. Karatasi ile ya mkono ndiyo babu wa maelezo ya zana ninayokueleza habari zake.

Na hapa nyumbani?

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa aina ya ICT 1500. Miaka michache baadaye jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilivurugika vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa taratibu katika miaka iliyofuata.

Wanaoichambua historia hiyo hutaja sababu kadhaa, na mojawapo ni uhaba wa wataalamu wazalendo. Mashine zilikuwa Dar, ujuzi wa kuziendesha uko vichwani mwa watu wachache, wengi wao wageni. Msomaji wangu, hili si jambo la zamani tu. Ni ofisi ngapi unazozijua ambapo mtu mmoja tu ndiye anayejua jinsi ya kuwasha mfumo ukizima, na siku akiwa msibani kazi zinalala?

Lini uache

Mwaka 1986, kwenye maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson nchini Sweden, Joe Armstrong na wenzake walianza kutengeneza lugha ya programu iitwayo Erlang. Swichi ya simu haitakiwi kuzima kwa sababu simu moja imeharibika. Wazo lao lilikuwa hili: gawa mfumo katika vipande vidogo vingi, kipande kikikosea kiache kife, na juu yake weka msimamizi atakayekiwasha upya.

Kinachonivutia ni kanuni ya huyo msimamizi. Anapewa hesabu: idadi ya juu ya kuwasha upya ndani ya muda fulani. Ikizidi, anaacha, anajizima mwenyewe na kulipeleka tatizo kwa aliye juu yake. Kwa maneno mengine, kurudiarudia kwa dawa kunahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa mwingine.

Somo la pili la miaka hiyo lilitoka Mars. Chombo cha Pathfinder kilitua huko tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya. Kulikuwa na ulinzi ndani yake: kazi muhimu isipokamilika kwa wakati, washa upya kila kitu. Data zilizokwisha kukusanywa hazikupotea, lakini kazi zilizobaki za siku hiyo zilisogezwa hadi kesho yake. Chanzo kilikuwa kazi ndogo ya vipimo vya hali ya hewa iliyoshikilia kitu ambacho kazi kubwa ilikihitaji, huku kazi za katikati zikiizuia ile ndogo isimalize. Wahandisi walilipata kosa hilo kwa kulirudia kwenye mashine pacha iliyokuwa duniani, wakatuma marekebisho kwa redio. Kuwasha upya kulikiweka chombo hai. Kumbukumbu za matukio ndizo zilizokiponya. Anayewasha upya bila kuandika alichokiona kabla ya kuwasha anafuta ushahidi.

Nyumba ya kupanga

Sasa kontena ni nini? Achana na yale ya bandarini. Chukulia seva kama nyumba ya kupanga pale Majengo au Pasua. Paa moja, mita moja ya umeme, geti moja, lakini kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake. Kontena ni chumba: programu moja na vitu vyake, ikiwa imetengwa na majirani. Kuwasha upya kontena ni kumtoa mpangaji mmoja kidogo kisha kumrudisha. Kuwasha upya seva nzima ni kuzima swichi kuu ya nyumba.

Utengaji huu ulikuja kidogokidogo. Mwaka 1979 mfumo endeshi wa Unix ulipata uwezo wa kuifungia programu ndani ya sehemu moja ya mafaili, isione nyingine. Mwaka 2000 FreeBSD ikajenga vyumba kamili zaidi. Mwaka 2008 Linux ikapokea kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google ya kugawia kila kundi la programu kiasi chake cha kumbukumbu na cha muda wa kichakato. Machi 2013 Solomon Hykes akaionyesha Docker kwa mara ya kwanza hadharani, kwa dakika tano tu, na kontena likawa kitu ambacho hata mwanafunzi anaweza kulianzisha kwa amri moja. Juni 2014 Google ikatangaza Kubernetes, msimamizi wa makontena mengi kwa pamoja.

Hapa ndipo neno "kuwasha upya" linapoanza kumchanganya mtu. Docker ikiambiwa iwashe upya, kwa kawaida hutuma kwanza ishara ya kuiomba programu ifunge kazi zake, husubiri sekunde 10, halafu huizima kwa nguvu. Mafaili yaliyoandikwa ndani ya kontena hubaki. Kubernetes, kwa kawaida, huweka kontena jipya mahali pa lililokufa. Mafaili yaliyokuwa ndani ya lile la zamani, kama hayakuwekwa kwenye hifadhi ya pembeni, yamekwenda. Kontena likiendelea kufa, Kubernetes husubiri sekunde 10, kisha 20, kisha 40, hadi kikomo cha dakika 5. Neno ni moja na hasara ni mbili tofauti. Maelezo yanayosema "huwasha upya" tu hayajasema kitu.

Kitufe kilicho mbali

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi mlimani hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Wapanda mlima wengi wa njia ya Marangu hufika Horombo siku ya pili, baada ya kulala Mandara. Ukiwa na kifaa mahali kama hapo, huwezi kusema "ngoja nikapige kitufe". Seva zetu nyingi nazo ziko hivyohivyo: tunazitumia Moshi, zenyewe ziko Dar au Ulaya. Kwa hiyo tunajenga zana za kuwasha upya kwa mbali, na zana ya mbali ina hatari yake: mkono wako hauoni inachokigusa.

Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi wa Amazon, mwenye ruhusa na akifuata mwongozo uliokuwepo, alitoa amri ya kuondoa seva chache kwenye huduma yao ya kuhifadhi mafaili huko Virginia. Akakosea thamani moja aliyoiandika, zikaondoka nyingi kuliko alivyokusudia. Mifumo mikubwa ndani ya huduma ile ikabidi iwashwe upya, kazi iliyochukua saa kadhaa kwa sababu kwa miaka mingi haikuwahi kuwashwa upya kikamilifu huku ikiwa imekua sana. Tovuti nyingi duniani ziliyumba. Baadaye Amazon ilieleza kwamba imeibadilisha zana yenyewe: iondoe seva polepole, na ikatae kushuka chini ya kiwango kinachohitajika.

Tazama walichofanya. Hawakuandika "tafadhali kuwa makini" na kuishia hapo. Kikomo kiliwekwa ndani ya zana.

Msomaji mpya

Mpaka hapo wote niliowataja walikuwa watu au programu zenye kanuni zisizobadilika. Juni 2023 kampuni ya OpenAI ilifungulia waandishi wa programu njia ya kuupa mfumo wa lugha orodha ya zana ili uchague wenyewe upi wa kuita. Novemba 2024 Anthropic ikatangaza utaratibu wa wazi wa kuunganisha mifumo ya aina hii na zana za watu wengine. Katika njia zote mbili zana hujitambulisha kwa jina, maelezo ya maneno ya kawaida, na orodha ya thamani inazopokea. Wakala husoma hayo, kisha huamua.

Kwa mara ya kwanza, basi, anayesoma maelezo na anayebonyeza kitufe ni mashine, na inasoma lugha ya kawaida. Tofauti yake na fundi wa kwetu ni moja kubwa. Tembea Kibosho au Marangu uiangalie mifongo, ile mifereji ya zamani inayoshusha maji kutoka msituni hadi vihambani. Zamu ya maji, nani afungue, nani afunge, nani alipe faini kwa kukosa kazi ya pamoja: kwa vizazi mambo hayo hayakuhitaji ubao wa matangazo, kwa sababu kila mtumiaji alikulia humo. Asipojua, anamuuliza mzee. Akifungua maji nje ya zamu, jirani wa chini atakuja kupiga hodi.

Wakala hakukulia hapa. Hana jirani wa kumuuliza saa nane za usiku. Yale mambo ambayo mimi na wenzangu "tunajua tu", kwamba fomu hukaa kwenye foleni na hifadhidata haiguswi usiku, kwake hayapo mpaka yaandikwe. Basi nikayaandika. Maelezo ya sasa yanasema hivi:

Inachofanya: huiomba programu iliyo ndani ya kontena moja ifunge kazi, husubiri sekunde 30, huizima kwa nguvu kama bado haijafunga, kisha huiwasha. Haigusi makontena mengine wala seva.

Kinachopotea: chochote kilicho kwenye kumbukumbu ya muda, zikiwemo fomu zilizo kwenye foleni. Mafaili ya hifadhidata hubaki.

Kabla ya kuitumia: soma nafasi ya diski na urefu wa foleni. Diski ikiwa imejaa, usiitumie, haitasaidia. Foleni ikiwa na fomu hata moja, usiitumie, mwite mtu.

Yanayoruhusiwa: kontena la fomu na la ramani. La hifadhidata linahitaji idhini ya mtu.

Kikomo: mara 2 kwa saa. Ya tatu zana itaikataa na kumpigia mtu wa zamu.

Majibu: "imewaka na inajibu", "imewaka haijibu", au "imekataliwa". Kuwaka siyo kupona. Usipopata jibu lolote, usirudie amri, uliza hali ya kontena kwanza.

Baada ya kuitumia: andika saa, sababu, na ulichokiona kabla ya kuwasha.

Ruhusa, ukaguzi wa diski na foleni, na ule ukomo wa mara 2, vyote tumeviweka pia ndani ya msimbo wa zana. Wakala akipuuza maandishi, zana yenyewe itamkatalia. Somo la Amazon hilo. Mengine utawatambua wenyewe walikotoka: kinachopotea na kinachobaki ni Apollo, kikomo ni Ericsson, kuandika ulichokiona ni Pathfinder.

Fomu zile 11? Tulirudi Rombo kuuliza upya. Kwenye kaya ya kwanza tukampigia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha kigoda, akasikiliza swali la kwanza hadi mwisho. Kisha akaniangalia. "Mwanangu, haya si nilishayajibu juzi?" Nikamwambia ni kweli bibi, tuliyapoteza sisi. Akajibu yote tena, ila kila jibu alisubiri aone nimeliandika ndipo aseme linalofuata.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuandika maelezo ya zana, hata kama ni ya mstari mmoja na haraka yako ni kwenda kula, muwaze mtu wa aina ya bibi yule aliye upande wa pili wa foleni. Halafu ongeza mistari michache.